Bi Kelele Alipopita Kimya

Juzi, hapa Soweto, Mbeya, kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, "Bibi, shika vizuri, usiogope." Mimi? Niogope? Nilimkazia macho mpaka akakohoa. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimeteremka mlima wa Ipogolo na pikipiki isiyo na plagi, nyuma nimempakia Mhindi na sanduku la bati, nikalipita basi kwenye kona, na wakati huo baba yako hajazaliwa. Wewe tia gia twende. Akacheka, akidhani kizee kinajitungia. Basi na niseme yote, tena nianze mwanzo, maana nimechoka kuchekwa na watoto.

Jina langu ni Mwantumu. Nilikulia Iringa, mtaa wa Mshindo. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, nikalelewa na mama yake, bibi yangu Mwanakhamisi, pamoja na mwanawe wa kiume, mjomba Bushiri. Bibi aliletwa bara na mumewe akitokea Bagamoyo, na miaka arobaini ya baridi ya Iringa haikumtoa pwani kichwani. Kwake mtu hakujibu salamu akiwa amesimama mlangoni, wali usio na nazi ulikuwa chakula cha mgonjwa, na msichana aliyecheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana alikuwa ameharibika tayari. Mimi nilicheka mpaka koo likaonekana.

Mjomba alikwenda vitani Burma, akarudi na kovu kidevuni na wazimu wa pikipiki. Alinunua moja kuukuu kwa mlowezi aliyekuwa anahama, kubwa, nzito, rangi ya jeshi, tangi limebonyea upande mmoja. Alikuwa akienda nayo Idodi kununua mchele na asali, akarudi kaelemewa na magunia, na sauti yake ilifika nyumbani kabla yake. Akiwa bado yuko mbali nje ya mji, sisi tulikuwa tunajua. Mtaa ukaipa jina la Bi Kelele. Mjomba hakuwa ameoa, na bibi alizoea kuwaambia wageni, "Mkamwana wangu ndiye huyo pale uani. Hapiki, hafui, kazi yake kunywa mafuta tu."

Lakini mjomba alimpenda. Lo, alimpenda! Alimpangusa kila jioni kwa kitambaa laini kuliko shuka zetu.

Sasa na Nalini. Nalini alikuwa binti wa Harilal, mwenye duka la vitambaa. Ua wao na wetu ulitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi, na ukuta ule tulikuwa tumeutoboa tundu tangu tuna miaka sita. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na matusi ya Kihehe aliyajua yote, aliyaokota hapohapo dukani kwa baba yake. Alikuwa mwembamba, mpole machoni pa watu wazima, na roho yake ilikuwa ya jambazi.

Siku moja ya mwezi wa tatu, mwaka hamsini na sita, mjomba alirudi kutoka Idodi amechoka, akajilaza mchana. Bi Kelele alikuwa uani peke yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikampanda, nikajaribu kupiga kiki, mguu haukufika. Nikajaribu tena, nikaanguka.

Nalini akasema, "Injini ya nini? Mlima unatosha."

Nani alimfundisha mtoto yule kusema maneno kama yale? Tulimtoa kwa mlango wa nyuma, tukamsukuma mpaka barabara inapoanza kuinama kwenda Ipogolo. Mimi mbele, yeye nyuma. Nikaachia breki.

Wallahi, sijawahi kuruka na ndege nikasikia nilichokisikia siku ile. Upepo uliingia kwenye gauni, macho yakatoka machozi, miamba ikapita kama watu wanaokimbia, na sisi tunapiga mayowe ya furaha. Shida ilikuwa moja. Nilijua kuachia breki, sikujua kuirudia. Tulifika chini, kwenye daraja la Ipogolo, na mwendo wetu wote, tukaingia moja kwa moja kwenye kibanda cha mama Evarista, aliyekuwa akiuza ulanzi, ile pombe ya mianzi. Vyungu vitatu, pasu! Ulanzi ukatumwagikia kuanzia utosini.

Evarista alikuwa Mhehe wa miraba minne, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nilidhani atatuua. Alitutazama, akatazama vyungu, akatazama pikipiki, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Adhabu yake ilikuwa kumchotea maji mtoni Jumamosi nne. Kumpandisha Bi Kelele mlimani tusingeweza hata tungekuwa ishirini, ila Evarista alikuwa na mkokoteni wa punda wa kupeleka mzigo mjini. Tukamfunga Bi Kelele nyuma, punda wakavuta, sisi tukasukuma huku tunalia na kucheka. Tulimrudisha uani, tukampangusa, tukajiona tumemaliza.

Kesho yake alfajiri mjomba akatoka uani na pua juu. Akainama kwenye tangi, akanusa. Akanusa kiti. "Mama!" akaita. "Nani amemnywesha Bi Kelele pombe?"

Maskini mjomba wangu. Harufu ile ilimganda kwenye kanzu, akaingia nayo msikitini, na wazee wawili wakamvuta pembeni kumwuliza kwa upole kama ana jambo linalomsumbua. Alirudi uso umemwiva. Hakumwuliza mtu. Kuanzia siku ile kila akimwegesha Bi Kelele alimfungua plagi, akaitia mfukoni mwa kanzu, akatembea nayo kutwa.

Sisi tuliumwa mbavu kwa kicheko. Plagi! Sisi na plagi wapi na wapi? Tuliteremka mara saba nyingine mwaka ule, kila mara punda wa Evarista wakitukomboa, mpaka nikalijua kila jiwe la mlima ule. Nilijua kwamba kona ya pili, penye mwamba mkubwa, ukingo wa kushoto ni mpana na mgumu kuliko unavyoonekana. Nilijua mahali pa kukanyaga breki, na mahali pa kuomba dua. Bibi alisikia fununu, akasema tu, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akaendelea kusuka ukili wake.

Ukili wenyewe ndio uliokuwa hatari. Mwishoni mwa mwaka nilivunja ungo, na kwa desturi ya bibi, msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Hatoki, hachezi, haonwi. Anafundwa, anaozwa. Bibi alikuwa anasuka mkeka wa kunikalisha mwali, mzuri ajabu, wa rangi ya zambarau na kijani, na kila nikiuona naugeuzia mgongo. Maana wiki zilezile ilikuja barua kwamba nimefaulu mtihani, na nimepata nafasi kwenye shule ya bweni ya wasichana huku Mbeya. Mtaani kwetu hakuna msichana aliyewahi kupata. Barua ilisema nifike Jumamosi ya mwanzo wa muhula kabla ya jua kuzama, na asiyefika, nafasi yake inapewa mwingine.

Mjomba akasema naenda. Bibi akasema siendi. Wakagombana wiki tatu, vyombo vikawekwa chini kwa kishindo, chumvi ikazidi kwenye mchuzi. Mimi nililia mpaka macho yakavimba. Nilitaka shule ile kwa uchungu, sijui nisemeje, niliitaka kama mtu aliyezama anavyotaka hewa. Mwisho bibi akakata shauri.

"Basi," akasema. "Liko basi la Ijumaa. Akilipata, Mungu amependa, aende. Likimwacha, anaingia ndani siku hiyohiyo, na habari ya shule nisiisikie tena humu."

Mjomba akakubali harakaharaka, akanikonyeza. Kwa nini asikubali? Basi la Ijumaa halikuwahi kumwacha mtu wa Mshindo. Dereva wake, Isihaka, alikuwa mtu wa swala. Karatasi iliyobandikwa kituoni ilisema basi linaondoka saa sita na nusu, lakini Isihaka alikuwa anaswali Ijumaa safu ya mbele, anavaa viatu vyake taratibu, anasalimiana na watu, ndipo anawasha gari. Miaka sita mfululizo ilikuwa hivyo. Ile karatasi hakuna aliyeisoma tena, hata nzi walikuwa wameizoea.

Ijumaa ikafika, mwezi wa kwanza, mwaka hamsini na saba. Mvua ilikuwa imepumzika siku tatu, barabara imekauka juu. Mjomba alivaa kanzu, akafungua plagi ya Bi Kelele, akaitia mfukoni. "Nikitoka msikitini nakupeleka kituoni," akasema. Nikabaki nimekalia sanduku langu uani, nimevaa sare, viatu vinanibana. Bibi alikuwa ndani, anamalizia pindo la mkeka wake.

Ghafla Nalini akapenya tundu la ukuta, nywele zimefumuka.

"Mwantumu! Basi linaondoka!"

"Acha utani wako."

"Utani gani? Isihaka ana homa! Leo ni Kalinga!"

Nikaruka kutoka kwenye sanduku. Kalinga alikuwa dereva Mhehe kutoka Ifunda, mtu mwema, Mkatoliki, swala yake ni Jumapili. Sala ya Ijumaa ingemhusu nini? Yeye alisoma karatasi. Nalini alikuwa amemkimbilia kumsihi angoje, naye akamjibu bila ubaya wowote, "Mtoto, hapa imeandikwa saa sita na nusu." Sasa alikuwa amezungukia sokoni kupakia magunia, kisha anateremka Ipogolo na kwenda zake Mbeya.

Nilikimbia msikitini. Nilikuta viatu vimejaa barazani, imamu yuko mimbarini, na ndani migongo mia mbili yenye kanzu nyeupe. Mmoja wao ana plagi. Yupi? Na mimi, msichana, niingie katikati ya hotuba nipige kelele "Mjomba, plagi"? Thubutu! Nikarudi nyumbani nalia kwa sauti, watu wananitazama.

Nalini alikuwa amekwisha kumtoa Bi Kelele mlangoni. "Plagi ya nini?" akasema. "Mlima unatosha."

Tukaanza kusukuma. Lakini safari zote zile tulimsukuma bila mzigo, na siku ile kulikuwa na sanduku, na kabla ya mteremko kuanza kuna kipande cha njia kinachopanda kidogo. Tukakwama hapo. Tunasukuma hatua mbili, Bi Kelele anarudi moja. Na pale nyuma yetu nikasikia kandambili za mbao, kwa, kwa, kwa. Bibi.

Nikajua yamekwisha. Nilimwona akija na uso wake ule wa kufungia watu milango, nikasema moyoni, mkeka huo, Mwantumu.

"Mnakwenda wapi na mkamwana wangu?"

"Bibi, basi limeondoka," nikasema. "Isihaka anaumwa. Dereva ni mwingine, hakungoja swala."

Bibi akasimama. "Limeondoka? Waumini wako msikitini, mtu ametia gari moto ameondoka?"

"Ndiyo, bibi."

"Akamwacha mjukuu wangu?"

"Ndiyo, bibi."

Sijapata kumwona mtu akikasirika vile. Alivuta pumzi mpaka akarefuka. "Ala! Mimi nikikuzuia nina haki, nimekulea. Nimekubeba mgongoni, nimekufuta makamasi. Huyo Kalinga amekulea wapi, hata aamue uende usiende? Nani kampa?" Akavua kanga ya kichwani, yeye, Mwanakhamisi wa Bagamoyo, barabarani, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, mvi zote nje. Akalifunga sanduku kwenye keria kwa kanga ile, akakaza fundo kwa meno. Kisha akajifunga kibwebwe, akaweka mabega nyuma ya Bi Kelele.

"Sukumeni, wavivu nyie!"

Tukasukuma. Mama yangu, bibi alikuwa na nguvu! Bi Kelele akapanda, akafika juu, akainamisha uso kuelekea bondeni. Nikaruka mbele, Nalini akaruka nyuma akikumbatia sanduku. Kule chini niliona vumbi la basi, limepita kona ya kwanza.

"Bibi..." nikasema.

"Usiniage! Ukiniaga utachelewa!" Akatusukuma kwa mikono miwili.

Tukaenda. Bi Kelele hakuwahi kuteremka na uzito ule, alikimbia ajabu, na kwa kuwa hakuwa na injini alikwenda kimya. Nilisikia matairi yakitafuna changarawe, na Nalini mgongoni kwangu akiita miungu yake mmoja mmoja kwa jina. Kona ya kwanza nililala upande mpaka goti likapangusa majani. Nikaliona basi. Lilikuwa linateremka kwa gia nzito, limeshika katikati ya barabara, kulia mwamba, kushoto korongo.

"Hakuna njia!" Nalini akalia.

"Ipo!" nikasema. Kona ya pili, ukingo wa kushoto. Niliujua kuliko chumba changu. Nikakanyaga breki kidogo, nikamweka Bi Kelele kwenye ule ukingo, nikaminya honi ya mpira kwa nguvu zangu zote, pwaa! pwaa! pwaa! Abiria wakageuka. Niliwaona wakinitazama dirishani, mdomo wazi, mama mmoja amesimamisha muwa kati ya mkono na meno. Msichana mwenye sare, Mhindi mwenye sanduku, pikipiki isiyolia. Walidhani ni majini, wengine walikiri baadaye.

Nikampita Kalinga. Nilimpita! Nikapiga ukelele ambao naamini uko bado kwenye mawe ya mlima ule.

Chini darajani Evarista alituona tunakuja, akakumbatia vyungu vyake vyote kwa mikono yake miwili minene. Safari hii nilijua mahali pa breki. Bi Kelele akaserereka, akajipinda, akasimama katikati ya daraja, upande, amefunga njia yote. Basi likaja likasimama hatua tano kutoka kwetu.

Kalinga akashuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole. Akazunguka pikipiki mara mbili. "Mbona halilii?" akauliza.

"Halina plagi," nikasema. "Nakwenda Mbeya. Nakwenda shule."

Alinitazama, akamtazama Nalini, akatazama mlima. Akafungua fundo la kanga, akanyanyua sanduku langu mwenyewe, akaliweka juu ya basi. Abiria wakapiga vigelegele. Evarista akamshika Nalini kiunoni akamzungusha hewani kama mtoto mchanga. Nilimkumbatia Nalini, tukalia kidogo, na nikapanda basi na kanga ya bibi mkononi.

Tulifika Ifunda. Kalinga alisimama watu wanunue mahindi ya kuchoma. Nikiwa nimekaa dirishani nikasikia kwa mbali, tukutukutukutuku. Sauti ile niliijua tangu utotoni. Bi Kelele akatokea kwenye vumbi, na juu yake mjomba, kanzu imejaa upepo, kofia ameishika kwa meno. Nikasema amekuja kunirudisha. Basi halikuniacha, lakini nimeiba pikipiki, nimeendesha mbele ya mji mzima siku ya Ijumaa, nimempeleka binti wa watu kwenye hatari. Nikashuka.

Mjomba akazima injini. Akavaa kofia.

"Kona ya pili," akasema, "umekanyaga breki mapema mno."

"Mjomba, umejuaje?"

"Nimeteremka kwa miguu kuja kumchukua mke wangu. Alama zenu nimezisoma barabarani, moja moja." Akatoa kitambaa, akaanza kunifuta vumbi usoni kama alivyompangusa Bi Kelele. "Ni mapema, Mwantumu. Pale mwache aende, umguse akishapita mwamba."

"Hukukasirika?"

"Nikasirike leo? Mara ya kwanza mlipomtoa, unadhani nilikuwa nimelala? Nilichungulia dirishani na roho mkononi. Plagi nilianza kuitoa ili msije mkagundua injini mkafa. Mlima peke yake niliona mnauweza."

Nililia, nikacheka mpaka koo likaonekana, na bibi hakuwepo kunikemea. Mjomba akamgeukia Kalinga, aliyekuwa anakula hindi lake kando ya basi, akapaza sauti abiria wote wasikie.

"Dereva! Unajua leo umepitwa na nani?"

"Na pikipiki lako, mzee."

"Hapana, bwana! Umepitwa na mpwa wangu, na injini ilikuwa mfukoni mwangu, msikitini!"

Basi zima liliangua kicheko, Kalinga akicheka kuliko wote. Mjomba akampiga kiki Bi Kelele, akatutangulia maili kumi hivi, akinguruma mbele yetu kama askari wa gavana, kila kijiji watu wakitoka kutazama ni mkubwa gani anapita. Kisha akageuza, akapunga mkono, akarudi zake. Jumamosi mapema nilisimama mbele ya mwalimu huku Mbeya, baridi inauma, nimejitanda kanga ya bibi, na jina langu likaandikwa kitabuni.

Nalini alifungiwa dukani miezi miwili kupima vitambaa, na katika barua yake ya kwanza aliniandikia kwamba angekubali hata sita. Nilimaliza shule ile, nikaendelea na nyingine, nikafundisha miaka thelathini na minne. Na ule mkeka wa mwali, wa zambarau na kijani, bibi aliukalia mwenyewe barazani, akiwasimulia wageni jinsi yeye na mkamwana wake walivyomsafirisha mjukuu, mpaka ukachakaa.